Shingo za Ukoo Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umekatika tena, nta imeganda ndani ya mashine. Nimeichokonoa kwa kisu cha mboga. Kisu cha mboga, kwenye maabara ya kuchunguza kansa. Wembe wa kukatia sampuli nao umechoka, vipande vinatoka vimechanika kama mkate wa juzi. Nimeomba wembe mpya mpaka nimeacha kuomba.

Sampuli za leo: tezi dume. Fibroidi. Kidonda cha mguu kilichogoma kupona. Halafu shingo.

Ni maji ya sindano kutoka kwenye uvimbe wa shingo wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Butiama. Anaitwa Nyangeta. Bado kijana. Kwenye fomu wameandika goita, kama wanavyoandika kila shingo inayovimba mkoa huu. Si goita. Seli zimetawanyika, nyingine nyembamba na ndefu kama mbegu za alizeti, na katikati yake kuna utando wa waridi usio na umbo. Nimekaa kwenye hadubini mpaka mgongo umekufa ganzi.

Najua ninachokiona. Nilishakiona mara moja, mwaka juzi, kwa mtu mwenye jina hilohilo la ukoo.

Nina hasira na bado sijui niielekeze wapi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekitafuta kipande cha mwaka juzi stoo, nikakipata. Perusi. Dada yake Nyangeta, tumbo moja.

Alilazwa hapa hapa kutolewa uvimbe wa shingo. Akiwa mezani presha ikapanda ghafla, moyo ukasimama. Kesho yake nikaletewa ule uvimbe ndani ya chupa ya fomalini, na kwenye lebo mtu ameandika "marehemu". Niliusoma. Nikaandika kwamba hii ni kansa ya tezi ya shingo, tena ile aina adimu inayotembea kwenye damu ya ukoo. Nikamtumia Profesa kule Dar es Salaam, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa utafiti wetu wa uvimbe wa tezi. Akajibu kwa mstari mmoja: "Binti, usitafute maajabu kwenye hadubini." Akamtoa Perusi kwenye utafiti. Baadaye akanitoa na mimi.

Sikuacha. Tangu nimalize masomo nakusanya uvimbe wa tezi wa watu wa huku, wa shingoni, wa juu ya figo, wa kongosho. Naugandisha kwenye nta, naupanga kwenye maboksi. Wenzangu wanayaita ushanga wangu, ushanga wa Nyamisana. Wanacheka. Wacheke.

Rangi ya kuthibitishia sina. Rafiki yangu wa Mwanza ameahidi kunitumia kidogo kwa basi. Hospitali nzima ya rufaa, na rangi naombaomba kama chumvi kwa jirani.

Alhamisi, 6 Machi

Rangi imefika. Kioo cha kuchuja mwanga hakipo, kwa hiyo nimevunja miwani yangu ya jua, ile nzuri ya kuendeshea gari, nikaweka lenzi moja chini ya slaidi na nyingine juu. Nikazungusha taratibu. Ule utando wa waridi ukawaka kijani. Kijani cha limau changa. Kwa Nyangeta na kwa Perusi vilevile.

Nilikuwa sahihi mwaka juzi. Sikufurahi hata kidogo.

Maana kansa hii ikiwa ya ukoo, mara nyingi ina mwenzake. Kuna tezi ndogo inakaa juu ya figo, nayo huota uvimbe. Uvimbe huo humwaga damuni homoni ileile inayotukimbiza tukimwona nyoka. Mtu anatembea nao miaka, anatoka jasho, moyo unamdunda, anaambiwa ana malaria. Ukimlaza mtu huyo mezani na kumkata bila kumwandaa kwa dawa, presha inapanda mpaka moyo unashindwa.

Ndivyo alivyokufa Perusi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mahali pengine palipoandikwa. Faili lake linasema "presha" na nukta.

Nyangeta amepangiwa upasuaji mwezi huu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemfuata Dokta Werema. Ndiye anayepasua shingo hapa, na ndiye aliyempasua Perusi. Alikuwa anakunywa chai.

Nikamwambia, "Dokta, yule mwalimu wa Butiama usimkate kwanza. Apimwe tezi za juu ya figo, Mwanza."

Hakuinua macho kwenye simu. "Goita hiyo. Mimi nimetoa goita mkoa huu tangu hujaajiriwa."

"Si goita. Na dada yake hakufa kwa presha ya kawaida."

Hapo akainua macho. Akaweka kikombe chini taratibu. "Dada yake alikuwa na presha na alificha. Wewe dada yangu soma slaidi. Kukata niachie mimi."

Amenielewa, tena haraka kuliko nilivyotegemea. Akikubali kwamba Nyangeta apimwe, amekubali kwamba Perusi naye alitakiwa kupimwa. Niliona hofu imempita usoni. Sikumhurumia. Nilitamani kikombe kile kimwagikie mapajani mwake.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Hospitali imetugawia vitenge vya sare, tukaandamana mpaka uwanjani, tukapigwa na jua na hotuba. Mwanamke ni nguzo. Mwanamke ni jeshi. Aliyehutubia ndiye aliyekataa kusaini barua yangu ya wembe.

Kitenge nimempa jirani yangu hapa mtaani Nyasho, Musoma. Kimempendeza.

Jumamosi, 15 Machi

Butiama. Nimeendesha mwenyewe, mvua ikinyesha njia nzima, kifuta kioo kimoja hakifanyi kazi.

Nyangeta nimemkuta barazani anasahihisha madaftari, skafu imezungushwa shingoni. Mrefu, mpole, macho yake yanakusubiri umalize kusema. Mama yake akanikaribisha ndani. Alikuwepo pia baba yake mdogo, Mzee Magesa, ambaye ndiye msemaji wa nyumba tangu baba yao afariki. Nikawasalimia, nikajieleza. Nikamwuliza Nyangeta anajisikiaje, mbali na shingo.

"Huwa nasikiaga moyo unakimbia," akasema. "Hata kama nimekaa tu. Halafu jasho, kichwa kinagonga kama kitapasuka. Halafu inaisha yenyewe. Zahanati wananipaga dawa ya malaria."

"Na Perusi?"

Akajibu mama yake, kwa sauti ndogo. "Alikuwaga hivyohivyo."

Nikampima presha. Ilikuwa juu kiasi kwamba nilidhani kipimo changu kimeharibika, nikahamia mkono wa pili. Juu vilevile. Nikaanza kueleza. Nilipofika kwenye neno ukoo, Mzee Magesa akanyoosha mkono kunizuia.

"Daktari, hapa kuna binti wa kuolewa. Neema, mdogo wao hawa. Wakwe wameshakuja, wamekula, wamekubali. Wewe unaingia na gari unasema damu yetu ina kansa. Kesho Butiama nzima inajua. Nani atachukua binti kwenye nyumba ya kansa?"

"Mzee, nasema apimwe tu kabla ya kisu."

"Uvimbe utatolewa Musoma na yataisha. Kunywa uji, halafu safari njema."

Mama akaleta uji wa mtama. Nikaunywa, kwa sababu mama wa watu hana kosa. Ulikuwa mtamu, nalo likanikasirisha. Nyangeta alinisindikiza mpaka kwenye gari lakini mzee alifuata nyuma hatua kwa hatua, tukashindwa kusema lolote. Nilichoweza ni kumpa namba yangu kwenye kipande cha risiti. Akaniambia ana shangazi Bunda, dada yake marehemu baba. "Huyo huwa hanyamazishwi," akasema.

Jumapili, 16 Machi

Nimeenda Kiriba kwa mama. Sikuingia kanisani. Nimekaa nje nikiparua samaki, sato wawili wakubwa, na magamba yakaruka mpaka kwenye nywele. Mama akaniuliza samaki wamenikosea nini.

Namchukia yule mzee. Namchukia Werema. Na Profesa, huyo namchukia kwa utulivu, kama mtu anayeweka akiba.

Jumamosi, 22 Machi

Bunda. Shangazi Nyambura nilimkuta shambani, bomba la dawa mgongoni, anapulizia pamba. Mwanamke wa mifupa mikubwa. Nilimwambia nimetoka Butiama kwa Nyangeta. Akalitua bomba, akaketi palepale kwenye tuta, akaniambia nami niketi.

Amenihesabia wafu wa nyumba yao. Baba yao mzazi alipigwa teke na ng'ombe zizini, teke la kawaida tu, akainuka, akashika kichwa, akaanguka, basi. Kaka yao mkubwa alikufa kwenye kiti cha kung'olea jino. Dada yao mmoja alikufa akijifungua, mtoto akabaki. Baba yake Nyangeta alianguka njiani akirudi mnadani, na shingo yake ilikuwa imevimba miaka. Halafu Perusi.

"Tulisema laana," akasema. "Wengine walichinja. Sisi tuliookoka tukaombewa. Hakuna daktari aliyewahi kutuuliza."

Nikamwuliza kama Magesa anayajua haya yote.

"Magesa? Maiti zote hizo Magesa ndiye aliyezibeba."

Nikamweleza kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Alisikiliza akichana majani ya pamba. Sikumficha kwamba katika watoto wa mgonjwa, kila mmoja ana nafasi sawa ya kurithi au kutorithi. Sikumficha kwamba inaweza kutafutwa mapema na kuzuiwa. Akayatupa majani. Kisha akasema Magesa ni mdogo wake, amembeba mgongoni, na siku ya upasuaji yeye, dada mtu, atakuja Musoma.

Njiani kurudi nilisimamisha gari pembeni, nikawahesabu tena kwa vidole. Ukoo mzima. Wameanguka mmojammoja, kwenye zizi, kwenye kiti cha jino, kwenye kitanda cha kuzalia, na hakuna daktari aliyeunganisha vifo hivyo. Na mimi niliambiwa natafuta maajabu.

Jumanne, 25 Machi

Werema ameuwahisha upasuaji. Nyangeta yumo kwenye orodha ya keshokutwa. Nimeambiwa Mzee Magesa ndiye aliyekuja kuomba, kabla wakwe hawajarudi.

Nimeandika ripoti isiyo na "huenda" wala "inawezekana". Nimeandika: kansa ya tezi, ya aina ya ukoo. Mgonjwa asipasuliwe mpaka achunguzwe uvimbe wa juu ya figo. Nimeipeleka wodini kwa mkono wangu. Nimempelekea Mganga Mfawidhi, mkuu wetu, nakala yake. Akaisoma akiwa amesimama. Akasema haya ni mambo ya kitaalamu, tumalizane wenyewe.

Tumalizane. Kana kwamba tumegombania maegesho.

Nimempigia Nyangeta. Simu imezimwa. Nimempigia Shangazi Nyambura. Amesema anakuja.

Alhamisi, 27 Machi

Nitaandika kama ilivyotokea, kabla watu hawajanisimulia vingine.

Asubuhi nilienda moja kwa moja kwenye korido ya chumba cha upasuaji. Nyangeta alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, gauni la kijani, kofia ya kijani. Simu yake alikuwa nayo baba mdogo, tangu juzi. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye benchi, kofia yake magotini.

Nikamwinamia Nyangeta. Nikamwambia, "Mwalimu, usilale mezani leo. Una uvimbe mwingine ambao hawajautafuta. Dada yako alikufa kwa huo."

Werema akatoka, barakoa imening'inia kidevuni. "Nesi, mtoe huyu hapa."

Nesi hakusogea. Mtaalamu wa usingizi alikuwa anatazama mashine ya presha iliyofungwa mkononi kwa Nyangeta. Aliitazama muda mrefu. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Dokta, kwa presha hii mimi simpi usingizi."

"Ni woga tu. Mpe kitu cha kumtuliza."

Hapo ndipo Shangazi Nyambura alipoingia, viatu vina udongo wa Bunda, mlinzi anamfuata nyuma. Mzee Magesa akasimama. Shangazi hakumsemesha. Alienda akashika miguu ya Nyangeta kupitia shuka, akaishikilia hivyo.

Nyangeta akauliza, kwa sauti yake ya darasani. "Dokta, Perusi alikufa kwa nini?"

"Presha," Werema akasema.

"Presha ya nini?"

Werema akapandisha barakoa mdomoni. Tulisubiri wote, hata mlinzi.

Nyangeta akavua kile kitambaa cha presha mwenyewe. Akainuka, akashusha miguu sakafuni, akaomba kanga yake. Shangazi akavua mtandio wake akamfunika mabega. Wakatembea kutoka. Hakuna aliyewagusa.

Mzee Magesa alinipita karibu sana. "Umetuvua nguo mbele za watu," akasema.

Nimeitwa kwa Mganga Mfawidhi. Nimepewa onyo la maandishi kwa kuingilia huduma. Nimelisaini kwa mwandiko mzuri. Sijutii neno hata moja.

Alhamisi, 10 Aprili

Mwanza. Nilichukua ruhusa nikaenda nao, Nyangeta na shangazi yake. Wamempiga picha ya tumbo. Juu ya figo la kulia kuna uvimbe wa ukubwa wa pera. Daktari wa picha akanionyesha kwa kalamu.

Nyangeta aliomba naye auone. Akautazama kwenye skrini kama anavyotazama, nadhani, hesabu iliyokosewa. Akasema, "Kwa hiyo siyo kwamba mimi ni mwoga."

Nikamwambia hapana.

"Maana nilikuwaga najilaumu. Mbele ya watoto nasikia moyo unakimbia, najiambia, mtu mzima wewe unaogopa nini."

Ameanzishiwa dawa za kulegeza mishipa. Atakunywa kwa wiki kadhaa, presha ishuke, ndipo watoe huo wa figoni kwanza. Shingo baadaye. Huu ndio mpangilio. Haukuhitaji miujiza. Ulihitaji mtu mmoja ainue macho kwenye simu.

Jumamosi, 3 Mei

Profesa amenipigia. Tangu mwaka juzi hajawahi. Sauti imejaa asali.

"Nyamisana, hongera. Nasikia umepata ukoo."

Umepata ukoo. Kama mtu aliyepata ng'ombe mnadani.

Anataka damu yao, anataka vipande vyangu, tuandike pamoja. Ana maabara nje ya nchi inayoweza kupima ile jeni, chembe ya urithi inayobeba kansa hii. Jina langu litakuwepo, akasema, nisiwe na shaka. Nikamwuliza kama anamkumbuka Perusi.

"Perusi ni nani?"

Nilikata simu. Nikazunguka nyumba. Nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilikuwa na maneno ya kutosha kumchoma mpaka mifupa, na nilikuwa na haki nayo yote.

Halafu nikakaa. Kipimo hicho mimi sina. Mwanza hawana. Neema yupo, na mtoto aliyebaki wa yule dada aliyekufa akijifungua yupo, na watoto wa Magesa wapo. Watoto hawatibiwi kwa hasira yangu.

Nimempigia tena. Nimempa masharti. Wanaukoo waulizwe kwanza, mmojammoja. Majibu yarudi kwao kabla hayajaenda kwenye karatasi yoyote. Na kisa cha kwanza kitakuwa Perusi, na tarehe niliyomsoma itaandikwa, na nani alimkataa. Amekubali yote isipokuwa hilo la mwisho, anasema tutalizungumza.

Hatutalizungumza. Nitaliandika.

Ijumaa, 9 Mei

Wametoa uvimbe wa figoni leo, Mwanza. Walipougusa presha iliruka, lakini walikuwa wamejiandaa, wakaishusha. Ameamka. Ameomba maji.

Nimelia kwenye gari nje ya hospitali. Nilidhani ni furaha. Ilikuwa hasira tu, bado ileile. Ni rahisi hivi. Ilikuwa rahisi hivi wakati wote.

Jumanne, 17 Juni

Shingo nayo imetolewa wiki iliyopita. Vipande vimeletwa kwangu kutoka Mwanza, nimevikata kwa wembe mpya nilioununua mwenyewe. Kansa ipo, na imeingia kwenye tezi chache za pembeni. Si habari njema yote. Atahitaji kufuatiliwa maisha yake yote. Sauti yake imebaki nzito, ya kukwaruza, na yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza. Amenipigia, akasema watoto sasa wananyamaza ili wamsikie.

Mchana Werema amekuja maabara. Hajawahi kukanyaga huku. Akafunga mlango nyuma yake, akaomba kuona slaidi ya Perusi.

Niliiweka. Nikampa lenzi za miwani, nikamwonyesha namna ya kuzungusha. Alitazama muda mrefu. Kisha akauliza, jicho bado lipo kwenye hadubini, "Angeamka?"

Ningeweza kumwambia lolote. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo miezi yote hii, nimelinoa.

"Kama angeandaliwa, ndiyo. Angeamka."

Akatikisa kichwa polepole. Akasema siku ile aliusukuma moyo wa Perusi kwa mikono yake mpaka mikono ikafa ganzi, na walipomwambia aache hakuacha. Akasema huwa anakiotaga kifua chake. Kisha akasema kuanzia sasa kila shingo itapita kwangu kwanza, na kwamba ataenda Butiama kwa mama yake Perusi, peke yake, na hajui atasema nini.

Alipoondoka nilikaa. Nilitaka kumchukia vizuri mtu huyu. Ameniharibia.

Jumamosi, 28 Juni

Butiama tena. Shangazi Nyambura amekusanya watu. Walikuja kwa miguu, kwa pikipiki, wengine kutoka Bunda. Tuliweka meza uani, tukatandika kitambaa. Nyangeta alikaa kando yangu akiwaeleza kwa sauti yake mpya ya kukwaruza, kwa Kizanaki, polepole. Walimwelewa yeye kuliko ambavyo wangenielewa mimi. Aliwaonyesha kovu la shingo. Wazee wakasogea kuliona.

Werema alifika hapa wiki iliyopita. Mama hakunieleza walichoongea. Alisema tu kwamba daktari alikaa mpaka jioni, na kwamba alikula.

Wakwe wa Neema wamesema watasubiri majibu. Kusubiri kunaweza kuwa kukataa. Neema alinyoosha mkono nikamtoa damu, akatazama sindano mpaka mwisho. Ndoa hiyo ikivunjika ni deni ambalo siwezi kulilipa, na sijui kama ni langu.

Mtoto wa yule shangazi aliyekufa akijifungua sasa ni mwanamume mwenye ndevu. Alikuja na mkewe.

Mzee Magesa alikaa mbali siku nzima, kwenye kigoda karibu na zizi, mgongo umetuelekea. Watoto wake walikuja mezani wote. Hakuwazuia, wala hakugeuka. Nami sikumwendea. Bado ninayo ile asubuhi ya benchi, na simu ya Nyangeta aliyoificha. Sijaisamehe.

Watu walipopungua, nikaanza kufunga vifaa. Nikasikia hatua. Mzee alikuwa amesimama mbele ya meza, kofia mkononi. Hakunisalimia. Akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, akakunja mkono wa shati, mkunjo mmoja, mwingine, mpaka juu ya kiwiko. Mkono mwembamba, mishipa imesimama.

"Hata mimi," akasema. "Tangu kijana. Moyo huwa unanikimbiaga."

Nikamwuliza kama kuna mtu aliwahi kumwambia.

"Nilishazika wengi. Nilisema wa mwisho niwe mimi, nife nalo, liishe."

Dada yake, Shangazi Nyambura, alikuwa mlangoni, ameacha kufagia.

Nilimfunga kitambaa cha presha mkononi. Nikamwambia asiongee, akae tu, apumue kawaida. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mawe, ng'ombe wanaingia mmojammoja. Tukasubiri namba.